Boriti Kwanza, Kafi Baadaye

Kafi halivutwi kwa mkono, wajukuu zangu. Huvutwa kwa mgongo na kiuno. Mkono ni kamba tu ya kulishikia. Naanza na neno hili kwa sababu Jumanne iliyopita niliketi barazani nikawatazama mkifanya mazoezi ya mbio za Idi, nikaona vijana wanane wenye misuli ya kusifika wakirusha maji juu kama watoto wanaooga. Maji yanayoruka juu hayasukumi chombo. Jirani zetu wa Ozi wakiwapita mwaka huu, msimsingizie mganga.

Nimeona heri niandike, kwani nikiwaambia kwa mdomo mnacheka, na mkicheka mnasahau nusu. Mimi ni Mwana Esha, mjane wa Bakari. Nimevusha watu hapa Kau kwa mtumbwi miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo sikumzamisha abiria hata mmoja, isipokuwa mbuzi wawili walioruka kwa hiari yao. Kuandika nilijifunza nikiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Nilikaa mkekani katika chuo cha Kurani, Jumamosi ya kwanza ya Mfungo Sita, pamoja na watoto wa miaka saba. Mmoja aliniuliza, "Bibi, umekuja kumchukua nani?" Nikamjibu, "Nimekuja kukupita." Nilimpita kabla ya Ramadhani ya pili, na mama yake hakunisalimu muda mrefu.

Tarehe, hata hivyo, nilizijua kabla ya herufi. Mvushaji asiyehesabu mwezi hula hasara. Idi ya Mfungo Mosi huja na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huja na bamvua, maji makuu ya kujaa. Kwa hiyo kila Idi, pasipo kukosa, bahari huupandia mto wetu kwa nguvu. Lakini haiupandii wote kwa mara moja. Maji ya kando hugeuka kwanza, yakaanza kupanda, huku ya katikati yakiendelea kushuka kwa muda wa kutosha mtu kula na kunawa. Mpiga kafi asiyejua hukaa katikati akapigana na mto. Anayejua hushika kando, akapandishwa bure. Neno bure nalitumia kwa tahadhari, kwani kando ndiko waliko viboko na mamba.

Jambo hilo sikuzaliwa nalijua. Nilifunzwa na Mzee Hiribae, Mpokomo wa Ndera, aliyekuwa akichonga mitumbwi huko juu na kuiteremsha kwetu kuiuza. Kiswahili alikisema apendavyo, lakini hakuwahi kusema neno lisilo na kazi. Mtumbwi wetu wa kuvushia tuliununua kwake, na ni juu ya mtumbwi huo nilipofanya kosa ambalo Ozi waliliimba mwaka mzima.

Ilikuwa Idi ya mwaka 1319 wa Hijra, siku ya Jumamosi. Bakari alikuwa ameshika usukani wa mtumbwi wa Kau, nami nilikabidhiwa kuutayarisha. Nikawaza: mti mkavu ni mwepesi, na chombo chepesi hukimbia. Nikautoa majini siku tano kabla ya Idi, nikauanika juani, nikaugeuza asubuhi na jioni kama mtu anayekausha samaki. Siku ya mbio ulikuwa mwepesi kweli kweli. Uliondoka kama mshale, ukafika kwenye kona ya mto, na hapo ukapasuka kuanzia omo, mbele kabisa, mpaka katikati. Watu wanane waliovaa kanzu za Idi chini ya shuka zao walirudi kwa kuogelea, na Bakari nyuma yao akiwa ameushikilia usukani mkononi, hana cha kuuongoza.

Mzee Hiribae alikuja mwezi uliofuata. Aliutazama ule ufa, kisha akanitazama mimi.

"Mama, hii nani naweka kwa jua?"

"Ni mimi, Mzee."

"Mtumbwi si ngozi ya mbuzi. Yeye alikuwa mti, nakunywa maji miaka mia. Wewe nanyima yeye siku tano, yeye nakasirika."

Alitufundisha kuuziba kwa kalafati ya pamba na mafuta, na kuuzamisha kila usiku usipotumika, ukinywa maji yake ukashiba. Shikeni hilo. Chombo kizito kilichoshiba hushinda chombo chepesi chenye kiu.

Sasa niwaeleze kwa nini sisi tulipiga kafi, kwa maana ninyi mnapiga kwa ajili ya kombe na nyama ya mbuzi, na si vibaya.

Kau ya siku zile ilikuwa mitaa miwili. Mtaa wa Juu walikaa waungwana, wenye mashamba ya mpunga na wenye biashara. Mtaa wa Chini tulikaa sisi ambao wazazi wetu walikuwa watumwa wakaachwa huru. Mama yangu alikuwa na hati yake ya uhuru, ameikunja ndani ya hirizi, akiivaa shingoni mpaka tulipomwosha maiti. Hati hiyo ilimpa kila kitu isipokuwa diko.

Diko la Mtaa wa Juu, mahali pa kushukia na kutekea maji, lilikuwa limezungushiwa ua wa boriti za mkoko zilizokitwa ndani ya mto, zikiwa zimesongamana hata mkono wa mtoto haupiti. Ndani ya ua huo mamba hakuingia. Na sheria yake ilikuwa nyepesi: mwenye boriti ana maji. Kila nyumba iliyokita boriti yake katika ua ilikuwa na haki ya kuteka humo, na boriti haikuhesabiwa mpaka mkuu wa diko aipige nyundo ya kwanza kwa mkono wake. Mkuu wa diko alikuwa Bwana Athmani. Babu zetu ndio waliobeba boriti zile kutoka mikokoni na kuzikita. Lakini walizikita kwa majina ya mabwana zao. Kwa jina letu hapakuwa na hata moja. Sisi tuliteka nje, kwenye tope.

Rafiki yangu Mwanakombo aliteka hapo siku ya Jumamosi, tarehe tisa Mfungo Tatu, mwaka 1318, akarudi na mkono mmoja. Alipona, na ulimi wake ukapona kabla yake. Watu walipokwenda kumpa pole aliwaambia, "Mamba yule ana adabu. Amechukua wa kushoto, wa kulia kaniachia wa kulia chakula." Wote walicheka. Mimi nilitoka nje nikalia. Nilipofuta machozi nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nitakufa au nitaona boriti ya Mtaa wa Chini katika ua ule. Yote niliyoyafanya baadaye juu ya mbio za mitumbwi niliyafanya kwa ajili ya mti huo mmoja.

Mbio zilituingia kwa mlango huu: vijana wa Mtaa wa Juu walijua tasbihi na mizani, kafi hawakulijua, na kila Idi Ozi waliwashinda. Kushindwa na Ozi kulikuwa kidonda. Wapiga kafi wa kweli wa Kau walikuwa wa Mtaa wa Chini, watu wa kuvusha, kubeba mpunga na kuvua, na mwishowe wakatuita. Baada ya aibu ya ule mtumbwi uliopasuka nilidhani hawatatuita tena, lakini kwa kuwa tulikuwa tumetangulia hadi konani, Bwana Athmani alikuja mwenyewe nyumbani kwetu mwaka uliofuata.

"Bakari, safari hii msiukaushe."

"Hatutaukausha, Bwana. Lakini tuna ombi. Boriti moja katika ua, kwa jina la Mtaa wa Chini."

Bwana Athmani alifikiri, akasema, "Shindeni kwanza."

Bakari alikuwa mtu mwema, na mtu mwema huliona neno la mwenziwe kama boriti iliyokwisha kukitwa. Alikubali. Mwaka huo wa 1320, siku ya Alhamisi, tuliwashinda Ozi kwa urefu wa mitumbwi miwili. Bakari alibebwa mabegani na watu ambao siku nyingine hawakumwitikia salamu. Baada ya siku tatu alikwenda kuuliza habari ya boriti. Akaambiwa mto umejaa, asubiri upungue. Mto ulipopungua akaambiwa udongo umekuwa mgumu, asubiri ulainike. Aliendelea kusubiri hadi homa ikamchukua, Jumapili, tarehe kumi na mbili Rajabu, mwaka 1321. Idi ya mwaka huo ilinikuta ndani ya eda. Kau haikupata wa kushika usukani, na Ozi walipita mbele ya mji wetu peke yao, wakipiga ngoma.

Mwaka wa 1322, Bwana Athmani alirudi. Mara hii alisimama mlangoni pangu na bakora yake mpya, akasafisha koo.

"Mwana Esha, wapiga kafi wanasema hawapandi ila ushike usukani wewe."

"Wamesema kweli."

"Mwanamke?"

"Bwana, mwezi uliopita nilikuvusha ng'ambo na mikungu yako sita ya ndizi, na mto umefura. Hukuniuliza neno hilo tulipokuwa katikati."

Alicheka, kwani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea. Nikamwambia, "Nitaushika. Boriti kwanza, kafi baadaye."

"Shindeni, mtaipata."

"Tulishinda."

"Mwana Esha, sikubali kuamrishwa na mvushaji. Mbio kwanza." Akaondoka. Nami sikumwita.

Mazoezi tuliendelea nayo, na hapa nawaomba mtege sikio, maana ni ujuzi wenyewe. Niliweka kibuyu cha maji, kimejaa mpaka mdomoni, juu ya ubao wa omo. Makafi nane yakiingia majini kwa pamoja, kibuyu hakimwagiki. Moja likichelewa, chombo hutikisika na kibuyu humwaga, na aliyechelewa hujulikana kwa macho ya wenziwe pasipo mimi kusema. Siku ya kwanza tulirudi na kibuyu kitupu. Siku ya kumi na saba tulikwenda hadi kona na kurudi, na kila mpiga kafi akanywa fundo moja kutoka humo. Wa kufua maji, kuyateka chomboni na kuyamwaga nje, alikuwa Guyo, Muorma aliyekuja kuuza samli akaoa kwetu. Hakujua kuogelea kabisa, na ndiyo sababu nilimchagua: sijapata kuona mtu anayeyafua maji ya chomboni kwa moyo kama asiyejua kuogelea.

Usiku mmoja kabla ya Idi niliwakusanya nikawaambia nilichokusudia. Guyo akauliza, "Tukikaa bila kupiga, mtumbwi utatulia?" Nikasema utatulia. Akasema, "Basi mimi niko. Mbio hii ndiyo nitaipenda."

Idi iliangukia Ijumaa. Baada ya swala ya Alasiri mji mzima ulikuwa ukingoni. Mitumbwi miwili ilipangwa ubavu kwa ubavu mbele ya diko, wa Ozi upande wa kati, wetu upande wa kando. Nahodha wa Ozi alinitazama nikiketi tezini, nyuma penye usukani, akapaza sauti: "Kau, wanaume wenu wameisha?"

Mwanakombo akamjibu kutoka ukingoni, "Wapo, wamekaa mbele ili wasikuone!"

Pembe ikalia. Ozi wakaondoka kwa kishindo. Wapiga kafi wangu wanane wakayalaza makafi juu ya magoti.

Mwanzoni watu walidhani tumekosea. Wakapiga kelele, "Pigeni! Pembe imelia!" Kisha kelele zikapungua, moja baada ya nyingine, mpaka nikayasikia maji yakigonga ubao. Bwana Athmani alikuja mpaka ukingo wa maji, na kanzu yake ya Idi nyeupe, ya darizi shingoni.

"Mwana Esha! Umekuwa kiziwi?"

"Pembe nimeisikia, Bwana. Sijaisikia nyundo."

Hapo ndipo watu walipogeuka wakamwona Mwanakombo. Alikuwa ameshuka na boriti begani, ya mkoko, imechongwa ncha, ameishika kwa mkono wake mmoja, na nyuma yake wanawake wa Mtaa wa Chini wamesimama na mitungi yao.

"Mkishinda, wallahi nitaikita kesho," akasema Bwana Athmani.

"Mwaka juzi tulishinda, Bwana. Mume wangu alikufa akiingojea hiyo kesho."

Nakiri kwamba moyoni niliona vizuri kama katika kioo: angeweza kutufukuza diko lote, nikakosa abiria na mkate pamoja. Mtumbwi wa Ozi ulikuwa umekwisha kuwa mdogo kama kokwa ya tende. Walikuwa wakiimba, na upepo ulituletea wimbo wao wa kutucheka: "Kau wamelala, wapelekeeni mito."

Mtu wa kwanza kusema alikuwa mke wa Bwana Athmani mwenyewe, Bi Rukia, kutoka ndani ya buibui lake. "Bwana wee, kita huo mti! Unataka waufikishe wimbo huu mpaka Kipini pwani?"

Mji mzima ukalipuka. "Kita! Kita!" Mtaa wa Juu walipiga kelele kuliko sisi, na wengine nadhani hawakujua wanalolitaka, walitaka mbio tu. Sikujali. Bwana Athmani alivua viatu, akaingia majini na kanzu yake mpaka kiunoni. Mwanakombo akaisimamisha boriti mahali palipokuwa na mti mkuukuu uliooza, akaikumbatia kwa mkono wake na shavu. Nyundo ikaletwa. Bwana Athmani alipiga mara moja, mara mbili, mara tatu. Niliuhesabu kila mlio.

Nikasema, "Bismillahi. Kafi."

Wajukuu zangu, tulikwenda. Tulikata kando ya ukingo mahali ambapo matete yanagusa bega, juu ya maji yale yaliyokwisha kugeuka, na Guyo alifua maji akisoma kila dua aliyoijua na nyingine alizozitunga papo hapo. Tulipowakuta Ozi ndio kwanza walikuwa wakiifikia kona, wako katikati, wanapigana na mto. Nilizunguka kwa ndani kabisa, nikaisikia mizizi ikikwaruza tumbo la mtumbwi. Tuliwafuata, tukalala nao ubavu kwa ubavu. Walitushinda kwa urefu wa kafi moja.

Ndiyo, tulishindwa. Nawaandikia kweli, kwa sababu kuna wazee wenzangu wanaosimulia kwamba tulishinda.

Bwana Athmani alikuwa bado amesimama amelowa. "Umeniponza mara mbili, Mwana Esha. Nimelowa, na nimeshindwa."

"Idi njema, Bwana," nikamwambia.

Kesho yake, Jumamosi, vijana wanne wa Mtaa wa Juu walishuka dikoni na kamba ili waing'oe. Walisema boriti ilipatikana kwa hila, na mbio zimepotea. Walimkuta Mwanakombo ndani ya ua, maji magotini, anajaza mtungi.

"Ing'oeni," aliwaambia. "Mkimaliza, mmoja wenu asimame kwenye lile pengo, amwambie mamba kwamba ataruhusiwa kuwala wa Mtaa wa Chini peke yao."

Waliitazama boriti. Ilikuwa imeziba mahali palipooza, na pande zote mbili zilikuwa boriti za baba zao zimeiegemea. Dada zao wawili walikuwa humo humo wakiosha vyombo. Mmoja wao, binti wa miaka kumi hivi, akauliza, "Kaka, kamba ya nini?" Wakaikunja kamba yao wakaenda zao.

Mambo yaliyofuata mnayajua, kwa kuwa ndiyo mliyozaliwa ndani yake. Nyumba za Mtaa wa Chini zilileta boriti, ua ukarefuka, na Idi iliyofuata mtumbwi wa Kau ulikuwa na wapiga kafi wanne wa Juu na wanne wa Chini. Wale wa Juu walikimwaga kibuyu siku arobaini. Tulivumiliana.

Mimi nilikwenda Jumapili, tarehe tatu Mfungo Mosi, jua halijapanda. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na saba. Tangu utotoni nilikuwa nimeteka maji ya mto huu kama tulivyoteka sote kule topeni, mkono ukiinamisha mtungi na macho yakiutazama mto, mamba asije. Niliingia ndani ya ua, nikaugusa ule mti, ulikuwa bado una utomvu. Kisha nikaupa mto mgongo, nikainama, nikaitazama sura yangu majini mpaka mtungi ukajaa.